Ardhi ya umma si ardhi ya serikali

Ni vigumu siku hizi kuhudhuria mkutano wa ushirikishwaji wa umma hapa Kisumu, uwe wa soko, wa steji au wa nyumba za bei nafuu, bila kusikia mtu akisema, "Hiyo ni ardhi ya serikali." Afisa huyasema maneno hayo ili kufunga mjadala: ardhi ni ya serikali, serikali imeamua, basi. Mwenye kibanda huyasema kwa kujitetea: ni ya serikali, haina mwenyewe, nani atanizuia? Mpangaji wa nyumba za zamani za baraza la manispaa, awe Ondiek hapa kwetu au Flamingo kule Nakuru, huyasema kwa kukata tamaa: nyumba ni za serikali, wakitaka kubomoa watabomoa. Na kuna mwenye pesa ambaye mkutanoni hasemi lolote. Huyo anajua kwamba maadamu watu wanaamini ardhi ni ya serikali, kazi yake ni kuelewana na mtu mmoja tu aliye ndani ya serikali.

Wote wanne wanategemea kitu ambacho Katiba ya Kenya haikitambui. Ibara ya 61 inasema ardhi yote ya Kenya ni ya watu wa Kenya kwa pamoja, kama taifa, kama jamii na kama watu binafsi. Kisha inaigawa mafungu matatu: ardhi ya umma, ardhi ya jamii na ardhi ya kibinafsi. Fungu la nne halipo. Ibara ya 62 inataja yaliyomo katika ardhi ya umma: ardhi iliyokuwa ya serikali ambayo kufikia mwaka 2010 haikuwa imegawiwa mtu, ardhi inayotumiwa kihalali na asasi za serikali, ardhi iliyouzwa au kusalimishwa kwa serikali, ardhi iliyokosa mrithi, misitu ya serikali, mbuga za wanyama, barabara, mito, maziwa na mengineyo. Anayetaka orodha nzima aisome ibara yenyewe. Si ndefu.

Maneno "ardhi ya serikali" yana asili yake, na asili hiyo ndiyo inayonifanya nisiweze kuyanyamazia. Mwaka 1902 wakoloni walitunga Sheria ya Ardhi ya Taji, na mwaka 1915 wakaitunga upya na kuipa meno: hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Mwaka 1921 mahakama ikaongeza kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu juu ya ardhi hiyo. Aliyelima Gem kwa vizazi vingi, na aliyelima Maragoli vivyo hivyo, wote wakawa wapangaji wa mfalme ambaye hawakuwahi kumwona.

Watu wa Nyanza hawakukaa kimya. Desemba 1921 walikutana Lundha, huko Gem, katika mkutano uliozaa vuguvugu ambalo wazee bado wanaliita Piny Owacho. Walilalamikia kodi ya nyumba, kipande (kitambulisho walicholazimishwa kubeba) na nchi yao kugeuzwa koloni, na miongoni mwa waliyoyadai ilikuwamo hatimiliki za ardhi. Walikuwa wameona mbali: ardhi ikishaandikwa kuwa ya mtawala, mtawala hahitaji ruhusa ya mtu.

Hofu yao ilithibitishwa Kakamega. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoahidi kwamba ardhi ya maeneo waliyotengewa Waafrika ingekuwa yao daima, na kwamba sehemu yoyote ikichukuliwa wangepewa ardhi nyingine badala yake. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega. Kufikia mwisho wa 1932 sheria ilikuwa imebadilishwa: ardhi ingeweza kuchukuliwa na wenyewe wakalipwa pesa tu, bila kupewa ardhi nyingine na bila kuulizwa kwanza. Ahadi ya daima haikumaliza miaka mitatu. Kila ninaposikia afisa wa leo akisema "ardhi ni ya serikali na serikali imeamua," nasikia mantiki ile ile ya 1932, na ninaamini yeye mwenyewe hajui anaitoa wapi.

Uhuru ulipokuja, neno Taji liliondolewa na neno Serikali likawekwa mahali pake. Sheria ikaitwa Sheria ya Ardhi ya Serikali, Sura ya 280, na mamlaka ya kugawa ardhi ambayo haikuwa imegawiwa yakawa mikononi mwa Rais na, kwa niaba yake, Kamishna wa Ardhi. Matokeo yake yaliandikwa katika ripoti ya tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyotolewa Desemba 2004: viwanja vya shule, vya hospitali, vya kuchezea, misitu na hifadhi za barabara viligawiwa watu binafsi nchi nzima, mara nyingi kwa barua tu. Walioandika Katiba ya 2010 walikuwa na historia hiyo yote mbele yao. Waliandika "ardhi ya umma" kwa makusudi, na Sura ya 280 ikafutwa mwaka 2012.

Sasa tofauti yenyewe. Katika ardhi ya umma kuna mwenyewe, kuna mshikaji na kuna msimamizi, na hawa ni watu watatu. Mwenyewe ni wananchi. Mshikaji ni serikali, ya kaunti au ya kitaifa, ambayo imekabidhiwa ardhi hiyo kama amana. Msimamizi ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi, inayoiendesha kwa niaba ya serikali hizo mbili. Kila mwanachama wa chama cha akina mama anaelewa jambo hili bila kufundishwa: mweka hazina ndiye anayekaa na pesa, jina lake liko benki, sahihi ni yake, lakini siku atakaposema pesa ni zake chama kitavunjika siku hiyo hiyo.

Hata kusema "serikali" peke yake hakutoshi, maana lazima ujue ni ipi. Ardhi iliyokuwa haijagawiwa, iliyosalimishwa au iliyokosa mrithi inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi wa kaunti hiyo. Maziwa, mito, barabara, misitu ya serikali na mbuga vinashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya Wakenya wote. Asasi ya serikali ikiwa ndiyo inayoitumia ardhi, inategemea ni asasi ya kaunti au ya kitaifa. Ndiyo sababu mambo ya Kisumu hukwama kila mara kati ya mji na ziwa. Reli ilifika hapa mwaka 1901, na mpaka leo kuna ardhi pana kandokando ya ziwa iliyo chini ya Shirika la Reli, ambalo ni la serikali ya kitaifa. Mwakilishi wadi anaweza kuwaahidi wachuuzi wa samaki mahali pazuri pa kudumu kule, akapigiwa makofi, na kumbe kaunti haina uwezo wa kutoa hata futi moja.

Kuna jambo la pili linalosahaulika: matumizi. Ardhi ya umma hutengewa kazi fulani katika mpango wa mji, na kazi hiyo haibadilishwi kwa tangazo la kipaza sauti. Tazama mtaa wowote mpya ulioota Mamboleo au Riat. Anayegawanya shamba kubwa kuwa ploti hutakiwa kuacha sehemu ya barabara, na shamba likiwa kubwa, sehemu ya matumizi ya umma pia: pengine shule, pengine uwanja. Kwenye ramani ya mpimaji utaiona, kipande chenye namba yake kama ploti nyingine, kimeandikwa kazi yake. Ukienda mwenyewe unakuta nyasi, ng'ombe wawili wamefungwa, bikoni nne za mpaka zilizozama udongoni na njia iliyokatwa na wanafunzi. Hapo ndipo watu husema hakuna mwenyewe. Miaka michache baadaye linakuja ua la mabati, kisha geti, kisha hatimiliki.

Je, hatimiliki ikishatoka, mambo yamekwisha? Wengi huamini hivyo, na imani hiyo imewanufaisha wanyakuzi kwa miaka mingi. Ibara ya 40 ya Katiba inasema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Aprili 2023, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba hatimiliki ni hatua ya mwisho tu ya utaratibu. Utaratibu wa kuigawa ardhi ukiwa ulikiukwa tangu mwanzo, karatasi haiwezi kuuponya, hata kama aliye nayo leo aliinunua kwa mtu mwingine. Ardhi iliyobishaniwa ilikuwa imetengwa iwe eneo la wazi. Kesi ni ya Mombasa, lakini uamuzi wake unaifunga kila mahakama nchini, ya Kisumu na ya Nakuru zikiwemo.

Nawageukia wenzetu wa vibandani, kwa sababu haki haiegemei upande mmoja. Ardhi kuwa ya umma hakumpi mtu mmoja ruhusa ya kuikalia. Umma ni sisi sote, akiwemo mama anayesukuma mkokoteni wa maji na kukosa pa kupita kwa sababu hifadhi ya barabara imejaa vibanda. Lakini pia hakumpi mtu ruhusa ya kuleta tingatinga saa nane za usiku. Marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 yanataka wanaoikalia ardhi ya umma bila idhini wapewe notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuondolewa, kwa maandishi, katika Gazeti Rasmi, katika gazeti linalosomwa nchi nzima, na redioni kwa lugha wanayoielewa. Anayewaondoa watu kwa notisi ya siku mbili iliyobandikwa kwenye mti hajatimiza sheria, hata kama mradi anaouleta ni mzuri.

Na isichanganywe na ardhi ya jamii. Huku magharibi mashamba mengi yalipimwa na kuandikishwa kwa majina ya watu zamani, hivyo ardhi ya jamii si kubwa kama ilivyo Turkana au Samburu. Ila kuna shule nyingi za msingi Vihiga, Siaya na Kakamega zilizojengwa kwenye ardhi iliyotolewa na mzee fulani au na ukoo, kwa neno la mdomo, chini ya mti, mbele ya mashahidi ambao wengi wao wameshazikwa. Shule ni ya umma, lakini karatasi bado ina jina la babu. Kuiita "ya serikali" hapo kunaumiza pande mbili: wajukuu wanahisi wamenyang'anywa, na kamati ya shule inadhani hakuna haja ya kufuatilia hati. Haja ipo. Shamba lipimwe, familia itie sahihi, hati itolewe kwa jina la shule, wakati bado wapo wanaokumbuka mpaka ulipopita.

Kwa hiyo tukikutana tena ukumbini na afisa akasema ardhi ni ya serikali, hakuna haja ya kupiga kelele wala kumvunjia heshima. Mtu ainue mkono aseme, "Mheshimiwa, samahani, ni ardhi ya umma. Tungependa kujua inashikiliwa na serikali ipi, ilitengewa matumizi gani, na kama inabadilishwa, notisi ilitolewa lini." Ramani ya mpango wa mji iko katika ofisi ya mipango ya kaunti, na mwananchi yeyote ana haki ya kuomba kuiona.