Zebaki ya kwenye jino na kichwa kinachouma

Jirani yangu wa Kondele, Kisumu, alizibwa jino miaka tisa iliyopita wala hakuwa na shida. Kisha akatumiwa video kwenye simu: zebaki ya menoni inaua polepole. Wiki hiyohiyo kichwa kikaanza kumuuma, mikono ikawa inakufa ganzi. Sasa anataka jino ling'olewe.

Ni kweli amalgamu, ule mjazo wa rangi ya kijivu, karibu nusu yake ni zebaki. Lakini imeshikamana na fedha, bati na shaba, na mvuke unaotoka ni kidogo sana. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya majaribio mawili ya watoto, Marekani na Ureno. Waliofuatiliwa kwa miaka wakiwa na amalgamu hawakuwa nyuma ya wenzao kwa akili wala kwa mishipa ya fahamu.

Na hapa ndipo penye utamu. Watafiti wamewapima watu wanaolaumu mijazo yao, wakakuta zebaki mwilini mwao haizidi ya wasiolalamika. Kilichozidi mara nyingi ni wasiwasi. Ukitarajia kuumwa, mwili unasikiliza kila kishindo: mpigo wa moyo, shingo iliyokaza. Hajifanyi, jamani, kichwa kinamuuma kweli.

Mzio wa amalgamu upo, ila ni nadra, na kwa kawaida huonekana palepale mdomoni. Kuutoa mjazo ambao bado haujaharibika ndiko kunakotimua mvuke zaidi. Nilimwambia aanze na kipimo cha presha.