Raba buti za Beetle: usikaze klempu matairi yakiwa hewani

Ukikuta oili imetapakaa chini ya Volkswagen Beetle ya zamani, usiisingizie injini upesi. Injini na giaboksi vyote viko nyuma, na upepo wa mwendoni huipaka oili kila mahali hadi usijue ilianzia wapi. Mimi huanza kwa kunusa. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya kiberiti, wala haifanani na ya injini. Ikiwa imelowesha sehemu ekseli inapoingia kwenye giaboksi, raba buti, yaani kifuniko cha mpira kinachoziba hapo, imekwisha. Ikiwa imelowesha upande wa ndani wa tairi na drami ya breki, hiyo ni sili ya bearingi ya gurudumu, kazi nyingine kabisa.

Hakikisha pia gari lako ni la aina ipi. Beetle za ekseli za kubembea (swing axle) zina raba buti mbili tu, moja kila upande, na ndani yake mna oili. Zile za baadaye zenye viungo (joints) pande zote mbili za shafti ya gurudumu zina nne, na ndani ni grisi. Hapa nazungumzia zile mbili.

Raba ya kiwandani ni kipande kimoja. Kurudishia ya namna hiyo kunataka kuvua drami, ambayo nati yake ya milimita 36 imekazwa kwa nguvu za kutisha, halafu bearingi nayo itoke. Ndiyo maana nyumbani wengi hutumia raba iliyopasuliwa, inayofungwa kwa skrubu ndogo kwenye mshono. Wapo wanaoidharau. Kwa ninavyoona, nyingi zinazovuja zilifungwa vibaya.

Kabla ya kumwaga oili, fungua kwanza plagi ya kujazia, ile ya ubavuni. Ikigoma, utajikuta na giaboksi tupu na gari lisiloweza kutoka hapo. Plagi zote mbili, ya kujazia na ya kumwagia, hufunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 17. Gari likae juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayeingia chini.

Raba ya zamani ikate kwa kisu, uitupe. Kinachofuata ni kusafisha, na hapa ndipo ninapopoteza muda mwingi kwa makusudi. Kutu, tope lililogandamana na rangi inayobanduka kwenye bomba la ekseli vyote vitoke, mpaka kidole kipite bila kukwama. Oili hupata njia hata kwenye mkwaruzo mdogo. Zuia uchafu usidondokee ndani.

Vaa raba mpya, mshono ukiwa mlalo na ukitazama nyuma ya gari. Ekseli inabembea juu na chini, kwa hiyo mgongo na tumbo la raba ndivyo vinavyovutwa na kukunjwa zaidi. Mshono ukiwekwa huko utaachia. Paka gundi ya gasketi isiyokauka, utando mwembamba tu, kisha kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu. Raba ikianza kufura pembeni mwa mshono, umeshapitiliza.

Sasa klempu, yaani mikanda ya chuma inayobana ncha za raba. Ya kwanza niliyowahi kufunga niliikaza matairi yakining'inia, nikajipongeza. Gari liliposhushwa, ekseli zikapanda, raba ikajisokota, mshono ukafumuka. Sikuhitaji hata kuliendesha ili kuona kosa langu. Tangu hapo klempu naziacha zimelegea, nashusha gari likanyage kwa uzito wake, nalisukuma mbele na nyuma kidogo, ndipo naingia chini kuzikaza. Mahali pakiwa pabana, unaweza kuinua ekseli kwa jeki mpaka ifike kimo chake cha kawaida, mradi gari lenyewe libaki juu ya stendi.

Jaza oili gari likiwa sawasawa, mpaka iguse ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Ni kama lita 2.5. Nachagua ya daraja la GL-4 ili isidhuru shaba iliyomo kwenye sinkronaiza, vile vipete vinavyolinganisha mwendo wa gia. Mimina polepole: ikifurika mapema, subiri iteremke kwenye mabomba ya ekseli, kisha endelea.

Baada ya siku chache za kuendesha, kagua tena. Mshono ukiwa umelowa kidogo, naongeza robo mzunguko kwenye skrubu. Ukiendelea kudondosha, navua yote na kuanza upya.