Kufuzu: timu ya taifa hupitia njia gani kufika Kombe la Dunia au AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika)

Timu ya taifa ikifuzu, imepata haki ya kucheza fainali za mashindano baada ya kupita kwenye mechi za mchujo zilizochezwa kabla. Mechi hizo hazichezwi mfululizo. Hupangwa kwenye wiki za kalenda ya FIFA, ambapo ligi husimama na klabu hulazimika kuwaachia wachezaji wao. Ndiyo maana mchujo wa Kombe la Dunia hukokota kwa takriban miaka miwili: ule wa Afrika kwa ajili ya 2026 ulianza Novemba 2023 na hatua ya makundi ikaisha Oktoba 2025.

Kila kitu huanza na mgawanyo wa nafasi. Kombe la Dunia la 2026 lina timu 48, tofauti na 32 za mwaka 2022. Wenyeji watatu, Marekani, Kanada na Meksiko, wameingia bila kutoa jasho. Bingwa mtetezi hana upendeleo huo. Argentina ilibeba kombe Qatar na bado ikarudi kwenye mchujo kama wengine. Nafasi zilizobaki ziligawiwa kwa mashirikisho ya mabara: Ulaya 16, Afrika 9, Asia 8, Amerika Kusini 6, Amerika ya Kaskazini, Kati na Karibiani 3 mbali na za wenyeji, na Oseania 1. Mbili za mwisho zikawekwa kwenye mchujo wa timu sita kutoka mabara tofauti, na Ulaya haimo humo. Kwa Afrika, kutoka nafasi 5 hadi 9 ni badiliko kubwa. Kwenye mchujo wa 2022, vinara wa makundi kumi walikutanishwa wawili wawili, nyumbani na ugenini, na usiku mmoja mbaya ulifuta kazi ya miezi yote. Ghana iliitoa Nigeria kwa sare mbili tu, 0-0 Kumasi na 1-1 Abuja, kwa kanuni ya bao la ugenini: bao lake la Abuja lilikuwa na uzito zaidi kwa kuwa lilifungwa ugenini.

FIFA hugawa nafasi, lakini namna ya kuzigombea huamuliwa na kila bara kulingana na idadi ya wanachama wake. Amerika Kusini wako kumi tu, kwa hiyo wanacheza ligi moja ya nyumbani na ugenini, mechi 18 kwa kila timu. Sita wa juu wanapita, wa saba anakwenda mchujo wa mabara. Ni mfumo wa haki kuliko yote, kwa maoni yangu, kwa kuwa kila timu hukutana na kila timu na hakuna wa kulalamikia droo. Ulaya ilikuwa na makundi 12 ya timu nne au tano: vinara walipita, na washindi wa pili wakaingia mtoano wa mechi moja moja pamoja na timu nne zilizopewa nafasi kupitia Ligi ya Mataifa. Asia ina ngazi nyingi. Timu za chini huanza mapema, zile kubwa huingia baadaye.

Afrika ilipanga timu 54 katika makundi 9 ya timu sita. Kabla ya droo, timu ziligawanywa katika vyungu sita kufuata viwango vya FIFA, na kila kundi likachota timu moja kutoka kila chungu. Kiwango kizuri kina faida hapo: ukiwa chungu cha kwanza huwezi kupangwa na vigogo wenzako wanane. Kila timu ilitakiwa kucheza mechi 10, na kinara peke yake ndiye aliyepata tiketi ya moja kwa moja. Waliopata ni Morocco, Tunisia, Misri, Algeria, Ghana, Senegal, Ivory Coast, Afrika Kusini na Cape Verde. Washindi wa pili wanne bora walikwenda kwenye mtoano nchini Morocco Novemba 2025 kugombea tiketi moja ya mchujo wa mabara. Hapa kwenye "washindi wa pili bora" ndipo mashabiki wengi walipopotea.

Tazama Burkina Faso. Ilimaliza ya pili Kundi A, nyuma ya Misri, ikiwa na pointi 21. Nigeria ilimaliza ya pili Kundi C ikiwa na pointi 17. Aliyekwenda Morocco ni Nigeria. Ukisoma misimamo ya makundi bila kanuni, utadhani kuna wizi.

Sababu ni Eritrea. Ilijitoa kabla haijacheza hata mechi moja, na Kundi E likabaki na timu tano. Mshindi wa pili wa kundi hilo alicheza mechi nane, wenzake kumi, na huwezi kuwalinganisha hivyo. Ikaamuliwa kwamba kwenye makundi mengine yote, matokeo ya mshindi wa pili dhidi ya timu iliyoshika mkia yafutwe. Mkia wa Kundi A ulikuwa Djibouti, ambayo Burkina Faso iliifunga 4-1 na 6-0. Pointi sita zikaondoka pamoja na mabao tisa ya tofauti: kutoka 21 wakabaki na 15, na tofauti ya mabao ikashuka kutoka +15 hadi +6. Mkia wa Kundi C ulikuwa Zimbabwe, ambayo Nigeria ilitoka nayo sare ya 1-1 mara mbili. Zikatoka pointi mbili, wakabaki na 15, na tofauti yao ya mabao haikuguswa: +7. Bao moja. Yaani Nigeria ilinufaika kwa kushindwa kuifunga timu dhaifu, kwa kuwa pointi ambazo hukuzipata haziwezi kufutwa. Haikuwafikisha mbali, maana kwenye mtoano DR Congo iliwatoa kwa penalti mjini Rabat.

Kinachotenganisha timu zenye pointi sawa ndani ya kundi ni suala jingine, na kanuni zake hutofautiana kati ya mashindano na mashindano. Kwenye mchujo wa Kombe la Dunia barani Afrika hutazamwa kwanza tofauti ya mabao katika mechi zote za kundi, kisha mabao ya kufunga, halafu ndipo matokeo ya waliokutana wenyewe kwa wenyewe. Kwenye mchujo wa AFCON mpangilio ni kinyume: kwanza waliokutana wenyewe, tofauti ya mabao baadaye. Wachezaji ni walewale na marefa ni walewale, ila hesabu si ileile.

Afrika Kusini iliwahi kulipia tofauti hiyo hadharani. Oktoba 2011, kwenye mechi ya mwisho ya kufuzu AFCON 2012, ilitoka 0-0 na Sierra Leone mjini Nelspruit. Siku hiyo hiyo Niger ilifungwa 3-0 na Misri. Timu tatu zikalingana kwa pointi 9: Afrika Kusini yenye tofauti ya mabao ya +2, Sierra Leone 0, Niger -2. Wachezaji wa Afrika Kusini wakazunguka uwanja wakishangilia, kwa kuamini kwamba wamepita. Lakini kanuni ilitaka uweke kando mechi za Misri, timu ya nne ya kundi hilo, na kutengeneza msimamo mdogo wa timu hizo tatu. Niger iliifunga Afrika Kusini 2-1 na Sierra Leone 3-1 nyumbani, ikapoteza mechi zote mbili za ugenini: pointi 6. Afrika Kusini ilishinda moja dhidi ya Niger na kutoka sare mbili na Sierra Leone: pointi 5. Sierra Leone nayo 5. Niger ikaenda AFCON, na waliokuwa wakitafuta sare wangeweza kutafuta bao kama benchi lingejua linachohitaji.

Mara chache timu hulingana kwa vigezo vyote vilivyowekwa. Kwenye mchujo wa 2010, Algeria na Misri zilimaliza zikiwa na pointi 13 kila moja, mabao sawa, na hata wao kwa wao jumla ilikuwa 3-3. Ikachezwa mechi ya ziada kwenye uwanja wa kati, Omdurman nchini Sudan, na Algeria ikashinda 1-0.

Kuna pointi zinazopotea ofisini, wala si uwanjani. Kosa kubwa ni kumchezesha mchezaji asiyestahili kucheza. Kadi mbili za njano katika mechi mbili tofauti za mchujo humfungia mchezaji mechi inayofuata, na hazifutiki kwa sababu muda umepita. Teboho Mokoena wa Afrika Kusini alipata moja dhidi ya Benin Novemba 2023 na nyingine dhidi ya Zimbabwe Juni 2024. Machi 2025 akapangwa dhidi ya Lesotho, mechi ambayo Afrika Kusini ilishinda 2-0. FIFA ikaigeuza kuwa 3-0 kwa Lesotho, ushindi wa mezani. Mwenye kuweka daftari la kadi anapaswa kuwa meneja wa timu. Kocha ana mengine ya kufikiria. Afrika Kusini ilinusurika, ikamaliza na pointi 18 mbele ya Nigeria na Benin zenye 17. Guinea ya Ikweta haikunusurika: ilishinda mechi zake mbili za kwanza, dhidi ya Namibia na Liberia, 1-0 kila moja, mfungaji akiwa Emilio Nsue. FIFA ikaamua kwamba Nsue hakuwa na haki ya kuichezea nchi hiyo, na pointi sita zikageuka vipigo viwili vya 3-0. Wakati huo Nsue alikuwa ameshakuwa mfungaji bora wa AFCON.

Uraia, kwa hiyo, haujibiwi na pasipoti peke yake. Mchezaji aliyewahi kuchezea nchi nyingine mechi za mashindano, hata ya vijana, lazima aombe FIFA kibali cha kubadilisha shirikisho, na alipaswa kuwa na uraia wa nchi mpya wakati huo alipocheza ile ya kwanza, au atimize masharti mengine yaliyowekwa.

Uwanja nao huamua. Uwanja wa nyumbani usipokidhi vigezo vya CAF, shirikisho la soka la Afrika, timu hupelekwa nje na "nyumbani" hubaki kwenye karatasi tu: Kenya iliwakaribisha Burundi na Ivory Coast mjini Lilongwe, Malawi, Juni 2024. Bolivia wao walikwenda upande mwingine kabisa. Walihamisha mechi zao hadi El Alto, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, wakaifunga Brazil 1-0 huko na kukamata nafasi ya saba.

Timu ikijitoa katikati ya safari, matokeo yake yote hufutwa, na anayeumia ni aliyekuwa ameshaifunga. Machi 2016 Taifa Stars ilishinda 1-0 N'Djamena kwenye mchujo wa AFCON 2017. Siku chache baadaye, kabla ya mechi ya marudiano Dar es Salaam, Chad ikatangaza kujitoa. Pointi tatu za Tanzania zikafutika, kundi likabaki na Misri, Nigeria na Tanzania, na kwa kuwa lilikuwa na timu tatu, mshindi wake wa pili hakuruhusiwa kuhesabiwa kati ya washindi wa pili bora. Tanzania ikabaki na pointi moja, ya sare na Nigeria.