Maana ya shea katika uchimbaji wa sarafu kwa kadi ya grafiki

Kibarua anayechuma kahawa halipwi kwa wepesi wa vidole vyake. Analipwa kwa debe lililomfikia karani na kukubaliwa. Kwa anayechimba sarafu za kidijitali kwa kadi ya grafiki, debe hilo linaitwa shea. Ile namba kubwa inayoonekana kwenye skrini, megahashi 30 au 60 kwa sekunde (yaani majaribio milioni 30 au 60), ni wepesi wa vidole tu. Wengi wanaoanza huikodolea macho namba hiyo usiku kucha, asubuhi wakashangaa kwa nini malipo hayaendani nayo. Jibu mara nyingi limo kwenye shea, na anayejua kuzisoma huugundua ugonjwa wa mashine yake kabla hajafungua kasha.

Jina lenyewe lisikupoteze. Shea hii haihusiani na hisa za kampuni: huiuzi, huimiliki, wala haikupi gawio la faida ya mtu. Ni ushahidi kwamba kadi yako imefanya kazi ya kiasi fulani.

Ushahidi huo unapatikana hivi. Kadi inachukua data ya bloku inayotayarishwa, yaani fungu la miamala ya sarafu linalosubiri kufungwa, inaongeza namba ya kubahatisha, inavipitisha vyote kwenye fomula na kupata hashi, yaani namba ndefu ambayo hakuna awezaye kuitabiri. Mtandao wa sarafu umeweka kikomo, na hashi itakayoangukia chini ya kikomo hicho ndiyo inayofunga bloku na kulipwa. Kikomo kiko chini mno, hata kadi moja nyumbani inaweza kukaa miaka bila kukifikia. Ndiyo sababu wachimbaji hujiunga kwenye kundi, ambalo wengi huliita puli. Kwa bitcoin, utaratibu huu ulianza mwishoni mwa 2010.

Puli inahitaji kujua nani amefanya kazi kiasi gani, kwa hiyo inaweka kikomo chake chenyewe, kilicho rahisi zaidi kuliko cha mtandao. Kila hashi yako inayoangukia chini ya kikomo cha puli inatumwa kwenye seva yao. Hiyo ndiyo shea. Mara moja moja, kati ya mamilioni ya shea za wanachama wote, itatokea moja iliyo chini ya kikomo cha mtandao pia. Hiyo inafunga bloku, na malipo yanagawanywa kulingana na shea za kila mmoja. Kuna wanaouliza: nikiipata mimi, siwezi kuichukua peke yangu? Huwezi. Data uliyopewa kuifanyia kazi tayari ina anwani ya malipo ya puli ndani yake. Ukibadilisha hata herufi moja, hashi inakuwa nyingine kabisa na ushindi unapotea.

Hesabu ya shea ni nyepesi, na inafaa uifanye kwa mkono angalau mara moja. Tuseme puli imeweka ugumu wa shea, yaani wastani wa hashi zinazohitajika kupata shea moja, kuwa bilioni 4, na kadi yako ni RX 580 ya GB 8 inayotoa megahashi 30 kwa sekunde kwenye Etchash, fomula ya Ethereum Classic. Bilioni 4 gawa kwa milioni 30 ni sekunde 133. Kwa wastani, basi, utatuma shea 27 kwa saa na 648 kwa siku.

Kwa wastani, maana bahati haina ratiba. Kipimo cha haraka ni hiki: chukua kipeuo cha pili cha idadi unayotarajia, kizidishe kwa 2, kisha ongeza na upunguze. Kwa shea 27 unapata takriban 10, hivyo saa moja yenye shea 17 na nyingine yenye 37 zote ni za kawaida. Kwa siku nzima ya shea 648 unapata 51, yaani asilimia 8 tu. Kwa hiyo usiihukumu kadi kwa saa moja. Mpe mgonjwa saa 24. Hata kimya cha zaidi ya dakika 10 bila shea yoyote kitatokea mara 7 hivi kwa siku kwenye kadi hiyo, na si hitilafu.

Hapo pia ndipo inapotoka kasi inayoonyeshwa na tovuti ya puli. Puli haioni skrini yako. Inahesabu shea ilizozikubali, inazidisha kwa ugumu wake, inagawa kwa muda. Wala usilinganishe idadi ya shea zako na za jirani. Puli nyingi hupandisha ugumu kwa mwenye kadi nyingi ili seva isizidiwe, kwa hiyo shea yake 1 inaweza kuwa na uzito wa zako 4.

Kuipata shea ya kwanza

Unahitaji vitu vinne vinavyokubaliana: anwani ya pochi ya sarafu husika, anwani na poti ya puli, jina la fomula, na programu ya kuchimbia. Kwa lolMiner, mstari wa kuanzisha unafanana na huu:

lolMiner --algo ETCHASH --pool anwani-ya-puli:poti --user POCHI.kompyuta1

Pakua programu kwenye ukurasa rasmi wa mtengenezaji peke yake, na ulinganishe alama ya SHA-256 ya faili na ile aliyoitangaza. Nakala bandia zenye anwani ya pochi ya mwizi ni nyingi, na zinafanya kazi vizuri kabisa isipokuwa kwamba zinamchimbia yeye. Antivairasi nayo hufuta hata programu halali, kwa sababu wezi hutumia programu hizohizo. Tengeneza folda moja, iruhusu hiyo tu, na usizime ulinzi wa kompyuta nzima.

Ikiwa hakuna shea hata moja, au zote zinakataliwa, karibu kila mara kosa liko kwenye maandishi, si kwenye kadi. Kosa maarufu ni kuandika ETHASH, fomula ya zamani ya Ethereum, mahali pa ETCHASH. Tangu Novemba 2020 Ethereum Classic ilibadilisha urefu wa vipindi vyake kutoka bloku 30,000 hadi 60,000, kwa hiyo ukikosea, kadi inajenga faili la data la kipindi kingine (faili kubwa ambalo fomula hulisoma inapohesabu) na kila shea inatoka batili. Anwani ya pochi nayo ichunguzwe kwa macho: ya Ravencoin huanza na R, ya Ergo aghalabu na 9, lakini ya Ethereum na ya Ethereum Classic zinafanana umbo, zote 0x na herufi 40. Puli haitakuonya ukizichanganya. Anwani ya kupokelea Ethereum kwenye soko la kubadilishia fedha isitumiwe kwa Ethereum Classic, hata kama programu imeikubali.

Kadi ikikatika mwanzoni kabisa, wakati wa kujenga lile faili la data, tazama memori. Faili lilianza na GB 1 na linaongezeka MB 8 kila kipindi. Chukua namba ya bloku ya sasa, gawa kwa 60,000, zidisha kwa 8, ongeza 1,024. Kwa bloku namba 24,000,000 unapata MB 4,224, na kadi ya GB 4 ina 4,096 tu. Hakuna draiva itakayoliponya hilo. Kwenye Windows ipo sababu ya pili: memori ya akiba kwenye diski iwe angalau jumla ya memori za kadi zote. Kadi 4 za GB 8 zinataka GB 32 na ziada kidogo, weka 40.

Shea iliyochelewa

Shea zinapoanza kutiririka, programu itaziandika kwa hukumu tatu: "accepted" ni iliyokubaliwa, "stale" ni iliyochelewa, na "rejected" au "invalid" ni iliyokataliwa. Mbili za mwisho watu huzitupa kapu moja, na hapo ndipo hupotea siku nzima wakibadilisha kisichoumwa.

Iliyochelewa ni sahihi kabisa kihesabu. Tatizo ni kwamba ilipofika, bloku ile ilikuwa imeshafungwa na mtu mwingine, kama debe linalofika karani keshaondoka. Kiwango chake unaweza kukikadiria kwa kugawa ucheleweshaji wa mtandao kwa muda wa bloku. Ethereum Classic hutoa bloku kila sekunde 13 hivi. Ukichelewa milisekunde 200, unapoteza asilimia 1.5. Ravencoin hutoa kila dakika 1. Kwa ucheleweshaji uleule unapoteza theluthi ya asilimia. Mchimbaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayetumia seva ya Ulaya ajue kwamba umbali una gharama, na kwamba intaneti ya kasi kubwa haiifuti. Uchimbaji hauli data nyingi; kinachoumiza ni safari ya pakiti. Pima kwa amri ya ping seva zote za puli, uchague yenye namba ndogo. Tumia waya badala ya Wi-Fi. Ikiwa bado ziko juu ya asilimia 3, punguza kiwango cha ukali ("intensity") kwenye programu: kadi iliyopewa fungu kubwa mno la kazi hulimaliza kwanza ndipo isikilize kazi mpya.

Shea batili

Hii ni habari nyingine. Kadi imesema imepata hashi chini ya kikomo, puli imerudia hesabu, majibu hayalingani. Kadi imekosea kuhesabu. Kwa mashine iliyokuwa ikitoa shea nzuri, mkosaji wa kwanza ni memori iliyopandishwa kasi kupita uwezo wake. Idadi inayokubalika ni sifuri, au moja kwa nadra. Ikifika 1 katika kila 100, shughulikia.

Programu nyingi hukagua shea kabla ya kuituma na kuonyesha makosa kwa kila kadi, kwa hiyo kwanza tambua ni ipi. Irudishe kadi hiyo kwenye mipangilio ya kiwandani. Makosa yakiisha, pandisha tena kasi ya memori kwa hatua ya MHz 50, na hapa ndipo subira inapohitajika: kosa la 1 katika 100 halionekani kwenye shea 20. Ngoja angalau shea 200 kabla ya hatua inayofuata. Kwa kadi yetu ya shea 27 kwa saa, hiyo ni saa 7 na nusu. Anayepanda hatua tano kwa dakika kumi hajapima chochote.

Kadi zenye memori ya GDDR6X, kama RTX 3080, zina tabia tofauti. Memori hiyo hugundua data iliyoharibika ikiwa njiani na kuituma upya. Badala ya shea batili utaona kasi ikishuka kadiri unavyopandisha MHz. Joto lake nalo ni la kuangaliwa peke yake: memori ikifika nyuzi 110 kadi inajipunguza kasi, hata kama chipu yenyewe inaonyesha 60. Mara nyingi dawa ni kubadilisha vipande laini vya kupitisha joto vilivyokauka.

Mipangilio nayo haihami na sarafu. Etchash inategemea memori, hivyo chipu unaweza kuipunguzia umeme sana. KawPow, fomula ya Ravencoin, inakitumikisha kiini cha chipu kwa nguvu. Volti iliyotosha jana itaiangusha leo. Na kadi inapopotea kabisa kwenye orodha, chunguza raiza, kile kiunganishi cha waya kati ya kadi na tundu lake kwenye ubao mama. Raiza isipewe umeme kwa kiunganishi cha SATA. Kiunganishi hicho kimekusudiwa wati 54, ilhali kadi inaruhusiwa kuvuta hadi 75 kupitia tundu lake. Plastiki huyeyuka, na nyumba inaweza kuungua. Tumia waya wa pini 6 utokao moja kwa moja kwenye pawasaplai, na usiipe pawasaplai mzigo wa kudumu zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake.

Shea na umeme

Namna puli inavyolipa ina uzito kwa mtu ambaye umeme hukatika. Mfumo wa PPS hulipa kila shea iliyokubaliwa, bloku ipatikane isipatikane. PPLNS huhesabu shea za karibuni tu pale bloku inapopatikana, hivyo saa kadhaa za giza zinaweza kuzizeesha shea zako kabla hazijalipwa.

Kisha fanya hesabu ya mwisho kabla ya kununua kadi ya pili. Tangu Ethereum ilipoacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, sarafu zilizobaki kwa kadi za grafiki hulipa kidogo sana. Kompyuta yenye kadi ya wati 130 na wati 60 za vifaa vingine hula uniti 4.56 kwa siku. Ukilipa shilingi 350 za Tanzania kwa uniti, ni shilingi 1,596. Gawa kwa shea 648: kila shea imekugharimu shilingi 2.46, ikubaliwe isikubaliwe. Pima wati hizo ukutani, kwa sababu kadi kama RX 580 huripoti umeme wa chipu peke yake. Kisha chukua malipo ya puli ya siku moja, gawa kwa shea zilizokubaliwa. Ikiwa jibu liko chini ya 2.46, izime leo.