Je, wajua kwa nini tiba ile ile ya mazungumzo hushinda utafiti mmoja, ikatoka sare katika mwingine?

Dawa ya maumivu hupimwa kwa kumpa mgonjwa mwingine kidonge kitupu bila yeye kujua. Mazungumzo hayana kidonge kitupu: aliyeketi na mshauri anajua anahudumiwa, na mshauri naye anajua anatumia mbinu gani. Ndiyo maana swali la "tiba ipi bora?" halijibiki mpaka useme bora kuliko nini.

Mambo haya yalionekana wazi katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulihusu Wasudani 43 waliougua kiwewe cha vita: majinamizi, kushtukashtuka, kumbukumbu zinazorudi bila kuitwa. Kundi la kwanza lilipata vikao vinne vya tiba ya kusimulia. Mtu husimulia maisha yake tangu utotoni, kwa mfuatano. Akifika kwenye tukio la kutisha haharakishwi. Huulizwa aliona nini, alisikia nini, mwili ulifanyaje, mpaka hofu ianze kushuka. Kumkatiza hofu ikiwa bado juu ni kosa kubwa, kwa sababu ataondoka nayo. Mshauri huandika yote, humsomea kikao kinachofuata, wakasahihisha pamoja, na mwishowe humkabidhi maandishi hayo. Kundi la pili lilipata vikao vinne vya ushauri kuhusu shida za sasa, la tatu somo moja tu juu ya kiwewe. Mwaka mmoja baadaye, waliokuwa bado wanaugua walikuwa asilimia 29, 79 na 80.

Ushindi mkubwa, ingawa kwa watu wachache.

Kisha ukaja utafiti wa 2008 huko Nakivale, makazi mengine ya wakimbizi nchini Uganda, kwa wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia. Washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Waliopata vikao sita vya kusimulia, asilimia 70 hawakuwa tena na ugonjwa. Waliopata vikao sita vya ushauri wa kiwewe, ambao mshauri aliachiwa uhuru wa kuchagua mbinu, waliopona walikuwa asilimia 65. Ni kama sare.

Kilichobadilika zaidi ni mpinzani. Safari hii ushauri ulilenga kiwewe chenyewe, si shida za siku tu.

Sasa tazama kundi la tatu la Nakivale, lililofuatiliwa tu bila tiba: asilimia 37 nao walipona. Kwa hiyo anayejisifu kwamba wateja wake wengi wamepona, bila kundi la kulinganisha, hajathibitisha lolote kuhusu mbinu yake.

Na sare ile ilificha tofauti moja. Walioacha tiba njiani walikuwa asilimia 4 kwenye kusimulia, na 21 kwenye ushauri huru. Kwa anayepanga huduma kambini, penye washauri wachache na foleni ndefu, tofauti hiyo ina uzito kuliko ile ya 70 na 65.