Malipo ya dharura ya kukosa kazi Marekani: kodi yake inahesabiwaje

"Serikali yenyewe ndiyo iliyonipa msaada, sasa mbona inaudai kodi?" Katika kituo chetu cha kujaza ritani, yaani fomu za hesabu ya kodi ya mwaka, bila malipo, swali hili halipiti msimu bila kuulizwa. Wengi wanaouliza ni ndugu waliofika Marekani miaka ya karibuni kutoka Kongo, Burundi na kambi za wakimbizi za Afrika Mashariki, wakaajiriwa viwandani au kwenye maghala, kisha wakapunguzwa kazini bila kutarajia. Jibu ni kwamba malipo ya kukosa kazi ni kipato, yawe ya kawaida au ya dharura, na serikali kuu huyatoza kodi ya mapato. Hata hivyo, kwa familia yenye watoto, kodi yenyewe mara nyingi si hasara kubwa. Hasara kubwa iko mahali pengine, na tutaifikia.

Haikuwa hivi tangu zamani. Kwa miongo mingi malipo haya hayakutozwa chochote. Sheria ya mapato ya mwaka 1978 ndiyo iliyoanza kutoza sehemu yake kwa wenye vipato vya juu, na mageuzi ya kodi ya mwaka 1986 yakaamua kwamba kuanzia 1987 yatozwe yote. Hoja ya wabunge ilikuwa kwamba fedha hizi zinachukua nafasi ya mshahara, na mshahara hutozwa kodi. Hoja hiyo unaweza kuikubali au kuikataa, lakini ukiielewa utajua karibu kila mara ni fedha ipi ya msaada inatozwa na ipi haitozwi: uliza fedha hiyo imeziba pengo gani.

Chukua familia iliyokumbwa na kimbunga Harvey jijini Houston mwaka 2017. Baba amepoteza kazi kwa sababu mahali alipokuwa akifanya kazi pamefurika. Nyumba nayo imeingia maji. Akaunti ya benki inapokea fedha mara mbili: fungu moja kutoka FEMA, shirika la serikali kuu la maafa, la kutengeneza nyumba na kununua vitanda vipya, na jingine la kila wiki liitwalo DUA, yaani msaada wa kukosa kazi kutokana na maafa. Zote zimeletwa na kimbunga kilekile, na zote zimetoka serikalini. Lakini fungu la kutengeneza nyumba halitozwi kodi wala haliandikwi kwenye ritani, kwa sababu linafidia hasara. DUA inatozwa, kwa sababu inashika nafasi ya mshahara. Tumeona watu wakichanganya mafungu haya pande zote mbili: wengine huficha DUA wakidhani ni sadaka ya serikali, wengine hujitwisha kodi ya fedha za FEMA ambazo hakuna aliyewadai.

Mkanganyiko mkubwa zaidi ulikuja na korona. Tarehe 27 Machi 2020 ilisainiwa sheria ya CARES, ikaongeza dola 600 kila wiki juu ya malipo ya kawaida ya jimbo hadi mwisho wa Julai. Ikaanzisha pia PUA, mpango uliowafikia watu ambao kwa kawaida hawana haki ya malipo haya: madereva wa Uber, wasusi, wenye biashara ndogo. Baadaye nyongeza ikawa dola 300, na mipango yote ya serikali kuu ikafungwa Septemba 2021. Fedha zote hizo zilitozwa kodi. Hundi zile zilizotumwa kwa karibu kila kaya, ambazo watu waliziita stimulus, hazikutozwa. Mtu aliyepokea vyote viwili kwenye akaunti moja, mwezi mmoja, angejuaje tofauti? Kwa maoni yangu, serikali iliharakisha fedha vizuri lakini ikachelewa kueleza.

Ndipo ukaja msamaha. Tarehe 11 Machi 2021, msimu wa kodi ukiwa umeshaanza, ilisainiwa sheria iliyosamehe hadi dola 10,200 za malipo ya kukosa kazi ya mwaka 2020 kwa kila mtu. Kwa wanandoa kila mmoja alikuwa na kikomo chake: mke aliyepata dola 20,000 na mume aliyepata 5,000 walisamehewa jumla ya 15,200, si 20,400, kwani mume hakuweza kumwazima mkewe nafasi aliyobakiza. Sharti lilikuwa kipato cha kaya kiwe chini ya dola 150,000. Aliyefikia hapo alipoteza msamaha wote, si sehemu yake. Waliokuwa wameshatuma ritani walirekebishiwa na IRS yenyewe, yaani mamlaka ya kodi ya serikali kuu, na takriban watu milioni 12 wakarudishiwa fedha.

Msamaha huo ulikuwa wa mwaka 2020 peke yake. Malipo ya 2021 yalitozwa kamili, na ya tangu hapo hadi leo vilevile. Bado kuna watu wanaoingia kituoni wakiutaja kama sheria iliyopo, kwa sababu jirani aliwaambia. Haupo, na muda wa kuudai kwa waliouacha umeshapita.

Sasa tuje kwenye karatasi. Kila Januari, idara ya kazi ya jimbo hutoa fomu 1099-G. Kisanduku namba 1 kinaonyesha jumla uliyolipwa mwaka mzima, kabla ya makato. Kisanduku namba 4 kinaonyesha kodi ya serikali kuu iliyokatwa, kama ipo. Majimbo mengi siku hizi hayaitumi kwa posta. Unaipata kwenye akaunti ileile ya intaneti uliyotumia kuomba malipo, na nenosiri ulishalisahau. Anza kulitafuta mapema. Kutoipata fomu hakukuondolei wajibu, kwa sababu IRS inayo nakala yake, na ikiona kiasi hakimo kwenye ritani yako itakuandikia barua.

Kiasi hicho huandikwa kwenye Schedule 1, kiambatisho cha ritani, si pamoja na mishahara. Aliyejiajiri akapata PUA naye aliandika hapohapo, wala si kwenye hesabu za biashara yake. Hili lilikuwa jambo jema kwake, kwa sababu malipo ya kukosa kazi hayakatwi Social Security wala Medicare, yaani michango ya pensheni na ya bima ya afya ya wazee. Mwajiriwa anaokoa asilimia 7.65 ambayo angekatwa kwenye mshahara, na aliyejiajiri hatozwi ile asilimia 15.3 ya kujiajiri.

Kuhusu kukatwa mapema, usipoomba hukatwi chochote. Wakati wa kujiandikisha, au baadaye kwa fomu W-4V, unaweza kuomba jimbo likate asilimia 10 kila malipo. Ni asilimia 10 tu. Huwezi kuomba 5 wala 15. Wengi hukataa kwa sababu wiki ya kwanza bila mshahara kila dola ina kazi yake, na siwalaumu. Asiyetaka kukatwa anaweza kulipa mwenyewe kwa awamu nne, katikati ya Aprili, Juni, Septemba na Januari inayofuata. Lakini si kila mtu anahitaji kukatwa. Kijana asiye na mke wala watoto aliyefanya kazi nusu mwaka kwa mshahara mzuri huenda alishakatwa kwenye mshahara kiasi kinachotosha kodi yote, kwa kuwa mwajiri alikuwa akikata kana kwamba ataendelea kulipwa hivyo hadi Desemba. Anayeshtuka mwezi Aprili kwa kawaida ni yule ambaye mwenzi wake aliendelea na kazi, au aliyekaa bila kazi muda mrefu huku malipo yakiwa makubwa, kama ilivyokuwa enzi za zile dola 600.

Sasa ile hasara niliyoitaja mwanzoni. Kuna EITC, fedha ambayo serikali huwarudishia wafanyakazi wa kipato cha chini, hata kama hawadaiwi kodi yoyote. Ndiyo inayofanya ritani ya mama mwenye watoto irudi na maelfu ya dola. EITC hukua kadiri unavyopata fedha ya jasho, yaani mshahara au faida ya biashara yako. Malipo ya kukosa kazi hayahesabiwi humo. Upande wa kodi ni kipato, upande wa EITC si mshahara. Yanakukosesha pande zote mbili.

Tupige hesabu kwa viwango vya mwaka 2025. Mama asiye na mume, ana watoto wawili wadogo, analipwa dola 700 kwa wiki kwenye kiwanda cha kuku. Amefanya kazi wiki 13, akapata dola 9,100, kisha zamu yake ikafutwa. Jimbo limemlipa dola 350 kwa wiki kwa wiki 26, nazo ni dola 9,100. Jumla ana dola 18,200. Makato ya kawaida, yaani kipato ambacho hakitozwi kodi, kwa mkuu wa kaya kama yeye ni dola 23,625, kwa hiyo kodi yake ya mapato ni sifuri. Ukimwambia hivyo anashukuru, anafikiri yameisha.

EITC yake inahesabiwa kwenye zile 9,100 za mshahara tu: asilimia 40, kama dola 3,640. Sehemu ya posho ya watoto (unafuu wa kodi kwa wenye watoto) inayorudishwa hata kwa asiyedaiwa kodi nayo inafuata mshahara: asilimia 15 ya kinachozidi dola 2,500, yaani 990. Jumla dola 4,630. Jirani yake mwenye watoto wawili, aliyepata dola 18,200 zilezile lakini zote za mshahara, anapata EITC kamili ya dola 7,152 na posho ya watoto ya dola 2,355. Jumla 9,507. Kipato kinalingana hadi dola ya mwisho, kodi zote mbili ni sifuri, na tofauti ya kinachorudi ni karibu dola 4,900. Mama huyu hakuwa na sababu ya kuogopa kodi ya malipo ya kukosa kazi. Alihitaji mtu wa kumwambia Septemba kwamba marejesho ya mwaka ujao yatakuwa karibu nusu, asije akakopa au kuahidi kodi ya nyumba kwa fedha ambayo haitakuja. Kila wiki ya mshahara anayoweza kuongeza kabla ya Desemba, hata ya kazi ya muda, inamwongezea EITC.

Bunge liliwahi kuliona tatizo hili. Kwa ritani za 2020 na 2021 mtu aliruhusiwa kutumia mshahara wake wa 2019 kuhesabu EITC. Ruhusa hiyo nayo haikuendelea.

Upande wa majimbo, hali inatofautiana. Texas, Florida na Tennessee hazina kodi ya mapato ya jimbo juu ya mishahara, basi hata malipo haya hayaguswi. California, Pennsylvania, New Jersey na Virginia zina kodi ya mapato lakini zimeyaacha malipo ya kukosa kazi. Kentucky na Iowa, ambako jamii zinazozungumza Kiswahili zimekua sana, zinayatoza. Ukihama katikati ya mwaka, jiandae kwa ritani mbili za majimbo.

Kuna waliopokea 1099-G ya fedha wasiyowahi kuiona. Wakati wa korona wezi waliiba majina na namba za Social Security za watu wengi wakaombea malipo. Ikikupata, usiiweke fedha hiyo kwenye ritani yako, na usiitupe fomu. Liarifu jimbo lililoitoa, omba fomu iliyosahihishwa, na utume ritani yako kwa wakati ukiandika kipato chako halisi tu, hata kama sahihisho halijafika.

Na kuna walioambiwa na jimbo wamelipwa kupita haki yao, wakatakiwa kurudisha. Ukirudisha mwaka uleule, unapunguza kiasi hicho kwenye jumla. Ukirudisha mwaka mwingine, baada ya kuwa umeshalipia kodi, sheria ni ngumu: kiasi kisichozidi dola 3,000 hupati nafuu yoyote, kikizidi hapo unaweza kudai makato au unafuu wa kodi. Kwa hiyo kabla ya kukubali mpango wa kurudisha kidogo kidogo kwa miaka mitatu, mwone mtu anayejua hesabu hizi. Kurudisha zaidi ya dola 3,000 ndani ya mwaka mmoja kunaweza kukuacha na nafuu kuliko kugawa. Na usikubali haraka kwamba ulizidishiwa; barua hiyo ina tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, na baadhi ya majimbo yalikuwa na utaratibu wa kufuta madai ya PUA kwa wasiokuwa na kosa.

Ikiwa hesabu imeisha na unadaiwa usichoweza kulipa, tuma ritani hata hivyo kabla ya tarehe ya mwisho. Faini ya kutotuma ni asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi. Faini ya kutuma bila kulipa ni nusu asilimia kwa mwezi. Kisha omba mpango wa malipo kwenye tovuti ya IRS. Ule wa hadi siku 180 hauna ada ya kuuanzisha. Vituo vya VITA, vinavyofanya kazi chini ya IRS bila malipo, vitakusaidia kujaza, na vingi viko maktaba za umma na makanisani kuanzia Februari. Uende na kitambulisho, kadi za Social Security za kila aliye kwenye ritani, W-2 zako zote (fomu za mshahara kutoka kwa waajiri) na ile 1099-G. Anayetaka kulipwa asilimia ya marejesho yako, au anayekataa kusaini ritani aliyoijaza, muache aende zake.