Usibane mkojo mlimani: maswali ya akina dada wanaopanda Kilimanjaro

Mimi ni muuguzi hapa Moshi. Desemba, makundi ya Siku ya Uhuru yakishuka, na Machi baada ya yale ya Siku ya Wanawake, najua nitakayemwona: dada mwenye cheti cha kufika kileleni mkononi, mkono mwingine kiunoni, mkojo unamchoma tangu juzi. Nikimuuliza alikunywa maji kiasi gani, anainamisha macho.

UTI ni nini hasa?

Ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mara nyingi ni bakteria wa kinyesi wanaopenya kwenye mrija wa mkojo, ambao kwa mwanamke una sentimita 4 hivi tu na uko karibu na njia ya haja kubwa. Kukojoa ndiko kunakowasukuma nje. Ukibana, unawapa nafasi ya kuzaliana.

Nikipunguza maji siku ya kutembea, si nitaepuka adha ya kujisitiri njiani?

Hapana. Tafadhali, hapana. Hili ndilo linalowaleta kwangu wengi wenu. Kule juu hewa ni kavu, unapumua kwa kasi, na mwili wenyewe hutoa mkojo mwingi kuliko kawaida. Ukiwa umemeza Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mlima, ndiyo zaidi. Maji yanatoka, unywe usinywe. Usipoyarudisha, kichwa kitakuuma na mwongozaji atashindwa kujua ni kiu au ni ugonjwa wa mlima, ule unaoletwa na hewa nyepesi ya juu. Kunywa lita 3 hivi kwa siku, kidogo kidogo, kuanzia asubuhi. Mkojo ukiwa mzito wa rangi ya chai, umechelewa kunywa.

Lakini kati ya kambi za Horombo na Kibo hakuna hata kichaka!

Kweli. Ukishapita mahali pa mwisho penye maji, ule uwanda kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo ni jangwa tupu, na safari nzima ya siku hiyo huchukua saa 5 au zaidi. Ndipo wengi wanapobana. Bebeni kanga. Wenzako wawili wanaishika, wanageuka, wewe unachuchumaa, dakika moja imekwisha. Bibi zetu walijisitiri shambani kwa kanga hiyo hiyo. Usiku kwenye hema, weka kopo la mdomo mpana lenye mfuniko. Kulala umebana hadi alfajiri kwa sababu nje kuna baridi ni kubana vilevile.

Mkojo umeanza kuchoma siku ya pili. Nimalize safari kwanza?

Mwambie mwongozaji siku hiyo hiyo, usingoje kambi ya mwisho. Ongeza maji, na upange kupimwa mapema, maana hata kama ni kuchoma tu, maambukizi huweza kupanda hadi kwenye figo. Lakini ukipata homa, kutetemeka, kutapika, au maumivu ubavuni chini ya mbavu, maambukizi huenda yamefika kwenye figo. Hapo unashuka. Hutulii kuona kama litapita, humalizi kilele kwanza, husemi "ni mlima tu". Kuumwa kichwa na kichefuchefu kwaweza kuwa mlima. Mkojo kuchoma pamoja na homa na ubavu si mlima. Unashuka siku hiyo, na ukifika chini unakuja hospitali kabla ya kwenda kuoga hotelini. Bakteria wakitoka kwenye figo wakaingia kwenye damu, wanaua.

Nina vidonge vya antibayotiki vilivyobaki mwaka jana. Nivimeze?

Hapana. Dozi nusu hutuliza mchomo kwa siku mbili na kuacha bakteria walio sugu. Ukitaka kwenda na dawa ya tahadhari, mwone daktari kabla ya safari, akuandikie yako na namna ya kuimeza.

Ninawe na nini bila bafu?

Wapagazi huleta beseni la maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Yanatosha. Nawa nje tu, mbele kwenda nyuma, ujifute, uvae chupi kavu ya kulalia. Sabuni ya manukato na dawa ya kuua vijidudu visiingie ndani ya uke, hata kama shangazi alikufundisha hivyo. Uke hujisafisha wenyewe. Ukiusugua, unakaribisha fangasi.

Hedhi ikija huko?

Yaweza kuja mapema au kuchelewa, hivyo beba pedi hata kama tarehe bado. Badilisha kila baada ya saa 4 hadi 6, na safari ya kilele inayoanza usiku wa manane isiwe kisingizio: vaa mpya kabla ya kuondoka na uweke nyingine mfuko wa ndani. Nawa mikono kwanza au tumia dawa ya mikono. Zilizotumika zitie kwenye kopo la kufunga, uteremke nazo.

Mwongozaji ni mwanaume. Nitamwambiaje?

Mwambie kama unavyomwambia kondakta wa basi la Dar: "Kaka, nataka kuchimba dawa." Ameshasikia mara nyingi. Atatangulia na wanaume wengine hatua chache na kuwasubiri mbele.